Picha za bure za mastaa kwa kalenda ya A3: mnazitoa wapi zisizopasuka?

Chalii_wa_Sakina (Arusha)

Habari za jioni wadau.

Natengeneza kalenda ya ukutani ya nyumbani, kurasa 12 za A3, kila mwezi mtu maarufu mmoja. Sita ni wakimbiaji wetu: Filbert Bayi, John Stephen Akhwari, Suleiman Nyambui, Juma Ikangaa, Gidamis Shahanga na Alphonce Simbu. Sita wengine ni mchanganyiko: Nyerere, Muhammad Ali, Louis Armstrong, Billie Holiday, Beatles na Obama. Nakala ni mbili tu, moja ya sebuleni hapa Sakina, nyingine ya wazee Moshi. Siuzi.

Nikitafuta jina la mtu na kuongeza "free" au "HD wallpaper" naletewa tovuti za matangazo matupu, na picha nikiipakua inakuwa ndogo. Nimejaribu kuprinti tatu stesheni (duka la kuprinti), zote zimepasuka pikseli. Halafu hizi alama za leseni za Creative Commons, CC BY, CC BY-SA, CC BY-NC sizielewi. Na Pinterest je, inahesabika? Naomba njia ya kutafuta, majina ya tovuti peke yake hayatanisaidia.

---

Makabati_ya_Kale

Mkuu, anza kwa kufuta hayo maneno "free" na "HD". Hayo ndiyo chambo cha tovuti za matangazo. Mpiga picha aliyeachia kazi yake huru haandiki "free" kwenye jina la faili, anaandika tukio, mji na tarehe. Kwa hiyo tafuta tukio. Mtu utamkuta humo ndani.

Mfano Simbu. Alimaliza wa 5 kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio 2016. Badala ya kung'ang'ania jina lake, ingia Wikimedia Commons (ghala la picha huru zinazotumika Wikipedia), fungua kategoria ya marathoni ya wanaume ya Rio 2016, uangalie picha za kundi moja moja. Anayepiga picha za mbio akiwa pembeni mwa barabara mara nyingi hajui jina la kila aliyepita, anaandika "marathon, km 30" na kuondoka. Soma namba ya kifuani, linganisha na matokeo. Agência Brasil, shirika la habari la serikali ya Brazili, hutoa picha zake kwa leseni ya CC BY, na walikuwa Rio kipindi kile. Jaribu pia tovuti yao, ila kwa Kireno: andika "maratona".

Bayi: rekodi ya dunia ya mita 1500, 3:32.16, Christchurch, Februari 1974. Basi unatafuta "Christchurch 1974 Commonwealth Games", na mahali pa kwanza ni hifadhi za nyaraka za New Zealand. Shahanga alichukua dhahabu ya marathoni Edmonton 1978 na ya mita 10,000 Brisbane 1982, na kwa Brisbane pekuapekua hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Queensland. Nyambui alipata fedha ya mita 5000 Moscow 1980, na Bayi alipata fedha ya kuruka viunzi na maji mita 3000 hapohapo. Shirika la RIA Novosti liliwahi kuingiza sehemu ya maktaba yake Commons kwa CC BY-SA 3.0, zikiwemo picha za michezo ile. Sikuahidi kwamba wetu wamo. Ndipo pa kuchimba.

Hao sita wengine ni kazi ya nusu saa:

Ali na Armstrong wako Maktaba ya Bunge la Marekani, mkusanyo wa gazeti la New York World-Telegram and the Sun. Picha ya Ali ya 1967 inayotumika kila mahali imetoka humo. Angalizo: zilizopigwa na wapiga picha wa gazeti lenyewe hazina kizuizi kinachojulikana, lakini ndani ya mkusanyo huohuo zimo za mashirika ya habari ya AP na UPI, na hizo zina wenyewe. Geuza ukurasa, soma mgongo wa picha. Mara nyingi wameuskani.

Billie Holiday yuko kwenye mkusanyo wa William Gottlieb, maktaba hiyohiyo: picha zilizopigwa klabu ya Downbeat, New York, mnamo Februari 1947. Mkusanyo mzima uliingia mali ya umma mwaka 2010. Chukua TIFF, ndiyo faili kubwa yenye ubora kamili. JPEG wanayokuonyesha mwanzoni ni ya kutazamia tu.

Nyerere alikutana na Kennedy Ikulu ya Marekani Julai 1963. Picha za wapiga picha wa Ikulu ile ni kazi ya watumishi wa serikali, na kwa sheria ya Marekani hazina hakimiliki. Zipo Maktaba ya Kennedy. Obama vilevile, hadi ziara yake ya Dar Julai 2013.

Beatles: Hifadhi ya Taifa ya Uholanzi iliachia mkusanyo wa Anefo, wakala wa picha wa Uholanzi, kwa CC0, yaani huna hata wajibu wa kutaja jina. Walipita huko Juni 1964. Hapa ndipo watu hunaswa: Ringo alikuwa mgonjwa wiki ile, anayepiga ngoma kwenye picha hizo ni Jimmie Nicol. Ukiandika "John, Paul, George na Ringo" chini ya picha, mgeni mmoja tu anayejua atakucheka mwezi mzima.

Pinterest haihesabiki. Ile ni ubao wa kubandikia vya watu.

---

Wino_na_Karatasi (Moshi)

Naongezea upande wa kuprinti maana hapo ndipo zilipopasukia.

A3 ni milimita 297 kwa 420. Kwa pikseli 300 kwa inchi unahitaji 3508 × 4961. Usiogope, kalenda haihitaji hivyo. Kwanza, nusu ya chini au theluthi ni tarehe. Ukiipa picha eneo la 297 × 250, kwa pikseli 200 kwa inchi inatosha 2340 × 1970. Pili, kalenda inatazamwa ukiwa mita moja au zaidi, hivyo hata 150 inapita, yaani 1754 × 1476. Chini ya hapo kope zinaanza kuwa ngazi.

Sasa tazama jina la faili ulizopeleka. Naweza kubahatisha zinaanza na "220px-" au "330px-". Hiyo ni ile picha ndogo ya pembeni ya makala ya Wikipedia, umebonyeza kwa muda mrefu kwenye simu ukachagua kuhifadhi. Pikseli 220 kwenye upana wa A3 ni chini ya 19 kwa inchi, tofali kwa tofali. Njia sahihi: gusa picha mpaka ufike ukurasa wake wa Commons, shuka chini ya picha, gusa "Original file". Pembeni pameandikwa vipimo, mfano 3,024 × 4,032. Kama umeshika anwani tu na ina neno "/thumb/" katikati, futa hilo neno na kipande cha mwisho kinachoanza na namba na px, utafika kwenye faili asilia.

Skrinshoti usilete. Simu nyingi zina upana wa pikseli 1080, ambazo kwa A3 ni kama 92 kwa inchi, na hapo bado hujakata vitufe vya juu na chini.

Kosa la pili: kutuma kwa WhatsApp kama picha. Kwa kawaida inaishusha mpaka karibu 1600 upande mrefu. Ulichopakua kikiwa 4000 kinamfikia wa stesheni kikiwa 1600, na yeye hajui. Tuma kama dokumenti, au peleka kwenye flashi.

Kosa la tatu ni WebP. Ukihifadhi kutoka kwenye kivinjari unaweza kupata faili yenye mwisho .webp na kompyuta za stesheni nyingi zinaikataa. Kubadilisha jina kwa mkono kuwa .jpg hakusaidii. Ifungue kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, uitoe upya kama JPEG ubora 95, mara moja tu. Kila unapoifungua na kuihifadhi tena JPEG inakula kidogo, hasa kuzunguka herufi za jezi.

Nyeusi na nyeupe zina ugonjwa wake. Printa ya rangi ikichanganya wino wote ili kupata kijivu, Billie Holiday anatoka na ukijani au uzambarau mashavuni. Geuza faili kuwa grayscale kabla ya kupeleka, mwambie fundi achague wino mweusi tu. Kama printa yake haina chaguo hilo, bora studio inayosafisha picha kwa karatasi ya picha.

Acha sentimita 2 juu kwa ajili ya springi, usiweke kichwa cha mtu hapo. Tundu likipita kwenye paji la uso hakuna dawa.

---

Lensi50

Wakuu, kwa nini mnahangaika na ukubwa? Kuna programu za akili mnemba za kukuza picha, 400 inakuwa 4000 bure ndani ya dakika.

---

Wino_na_Karatasi

Kwa majani na ukuta, sawa. Kwa uso, hapana. Pikseli 400 za mtu aliyesimama mzima zinaupa uso labda 40 kwa 40. Programu haina mahali pa kutoa makunyanzi ambayo hayakuwepo, inayabuni. Unapata mtu anayefanana na Akhwari, si Akhwari. Namba ya kifuani nayo inageuka mchoro usiosomeka. Kama picha imefika 1400 na unataka 2000, kuza kwa njia ya kawaida ndani ya GIMP, uongeze ukali kidogo, basi. Zaidi ya mara moja na nusu usivuke.

---

Hakimiliki_kwanza

Nijibu swali la alama, maana limerukwa.

CC BY: tumia utakavyo, mtaje mpiga picha. CC BY-SA: vilevile, ila ukiibadilisha picha na kuisambaza, hiyo uliyobadilisha iwe chini ya leseni ileile. Watu hudhani kalenda nzima inageuka BY-SA. Hapana, kukusanya picha 12 pamoja si kuibadilisha picha. NC: si kwa biashara. ND: usisambaze uliyoibadilisha. CC0 na mali ya umma: huru. Commons haipokei NC wala ND, hivyo ukiwa mle ndani hizo mbili zisikusumbue. Ziko kwa wingi Flickr, tovuti ambako watu huweka picha zao. Ukitafuta Flickr fungua kichujio cha leseni kabla ya kutazama chochote, la sivyo utapenda usichoruhusiwa. Google nako kuna "Tools", kisha "Usage rights", kisha leseni za Creative Commons. Kinachoonekana hapo ni madai ya tovuti husika tu, fuata kiungo mpaka kwenye chanzo.

Kutaja maana yake vitu vinne: jina la picha, mpiga picha, ilipotoka, leseni na namba ya toleo lake. Herufi za pointi 7 pembeni ya picha zinatosha, au kusanya zote nyuma ya ukurasa wa Desemba. Ukikata au kuondoa rangi, andika "imekatwa" au "imeondolewa rangi". Namba ya toleo ina maana: kwenye 2.0 na 3.0 ukikosea masharti ruhusa yako inakufa papo hapo, kwenye 4.0 inarudi ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue kosa. Wapo wapiga picha wanaoishi kwa kudai faini za matoleo ya zamani, ndiyo maana nasisitiza.

Kwa nakala mbili za nyumbani umekaa vizuri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu kunakili kazi iliyochapishwa kihalali kwa matumizi binafsi kabisa. Siku shemeji atakaposema "toa hamsini tuuze kwenye harambee", ruhusa hiyo haipo tena, na kila picha itasimama kwa leseni yake. Na hapo linaingia jambo jingine: leseni ni ya mpiga picha, haimsemei aliyepigwa. Kuuza sura ya mwanariadha aliye hai kunahitaji ruhusa yake hata kama picha ni CC0.

Mtego mmoja wa mwisho. Si kila picha iliyo Wikipedia ni huru. Wikipedia ya Kiingereza huweka picha zenye hakimiliki kwa kisingizio cha matumizi ya haki, hasa za marehemu na majalada ya albamu. Ukigusa picha na ukurasa wake haukupeleki Commons, simama. Mara nyingi zimepunguzwa makusudi zisifae kuprintiwa.

---

Chalii_wa_Sakina

Asanteni sana, mmenifungua macho. Kweli faili zangu zote zilianza na 330px, nimecheka peke yangu.

Nimeshapata Ali, Armstrong, Holiday, Nyerere na Obama. Nimekwama pawili. Akhwari: ile picha yake ya Mexico 1968 anaingia uwanjani na bandeji mguuni naiona kila mahali, kubwa kabisa, kuna akaunti ya Flickr imeiweka na alama ya CC BY. Nichukue? Na Ikangaa akishinda New York 1989 sipati kitu.

---

Makabati_ya_Kale

Usichukue bado. Fungua akaunti yenyewe utazame vitu vingine alivyoweka. Ukikuta Akhwari 1968, Pelé 1970, gari la Ferrari na paka wake, huyo si mpiga picha, anabandika vya wenzake na kugonga leseni juu. Alama ya CC BY aliyoweka asiye mwenye mali haina nguvu yoyote. Kisha shusha mpaka taarifa za kamera. Picha ya filamu ya 1968 haitakuwa na modeli ya kamera ya dijitali, sawa, lakini inapaswa kuwa na maelezo ya skani, kingo za negativu, muhuri wa nyuma, kitu. Ikiwa tupu kabisa na upana ni 1024 kamili, imeokotwa mtandaoni. Mwisho iingize TinEye, tovuti inayotafuta picha ileile ilipo kwingine mtandaoni, panga matokeo kuanzia kubwa na kuanzia kongwe. Ile kubwa kuliko zote ndiyo iliyo karibu na mwenyewe, na kwa picha za Olimpiki za miaka hiyo kwa kawaida utaishia kwenye ghala la wakala wa picha. Hizo si za bure, hata zile za wakala zenye kitufe cha kupachika kwenye blogu: kitufe hicho ni cha kuonyesha kwenye tovuti, hakikupi faili la kuprinti.

New York 1989 ni hivyohivyo. Wapiga picha pale walikuwa wa magazeti na mashirika, na serikali ya Marekani haina sababu ya kupiga picha za marathoni ya mji. Tafuta Ikangaa kwingine, hasa Brisbane 1982 alikopata fedha ya marathoni.

Wakikosekana kabisa, usijaze pengo kwa picha mbovu. Piga picha yako mwenyewe: barabara ya lami asubuhi, ukungu, Meru nyuma. Juu yake andika kwa herufi kubwa 2:08:01, New York, 1989. Kwa Akhwari weka 3:25:27 na nafasi ya 57. Ukurasa wa namba tupu ukutani unavuta macho kuliko sura iliyopasuka.

---

Hakimiliki_kwanza

Naunga mkono. Au muombe mwenye picha. Mbio za Kilimanjaro hapo Moshi kila mwaka zina wapiga picha wengi, na wakimbiaji wakongwe hualikwa kwenye mbio nyingi za kaskazini. Ujumbe uwe mfupi: picha ipi, nakala ngapi, ukubwa gani, haiuzwi, jina lako litaandikwa. Omba faili asilia kwa barua pepe, na jibu lake lihifadhi. "Poa tu chukua" ya kwenye simu haina ushahidi.

---

Chalii_wa_Sakina

Sawa wakuu, Akhwari na Ikangaa naenda na namba. La mwisho kwa Wino_na_Karatasi: Simbu niliyempata Commons ni CC BY-SA 4.0, faili lote 3000 × 2000, lakini yuko kundini. Nikikata abaki yeye peke yake inakuwa 1100 × 930. Itafaa?

---

Wino_na_Karatasi

Kwa eneo la 297 × 250 hiyo ni 94 kwa inchi. Haifai. Usimkate peke yake, muache na wawili walio jirani naye, upate 2000 × 1680 hivi, inakuja kama 170 kwa inchi. Mbio zinapendeza zikiwa na wapinzani. Au punguza eneo: picha ya upana wa sentimita 18 katikati, ukingo mweupe pande zote, hiyo 1100 inakuwa 155 kwa inchi.

Kabla ya kuprinti zote 12, kata kipande cha uso tu kwa ukubwa uleule wa mwisho, vipande vinne kwenye A4 moja, karatasi ileile. Bandika ukutani, rudi nyuma hatua tatu. Ukiona ngazi kwenye sikio, badilisha faili.